Daftari la Mitetemo

Zipo nchi ambazo wachora ramani wamezisahau lakini mbu hakuzisahau, na Kanyagoni ni mojawapo. Daktari Nakijwa alifikaje huko? Tusipoteze muda kwa hilo. Mtafiti wa mbu hufika popote palipotuama maji, na mwaka huo maji yalikuwa yametuama Kanyagoni. Aliingia na kata yake nyeupe ya kuchotea maji, yenye mpini mrefu, chandarua kimoja, pakiti chache za dawa ya malaria, na miaka kumi na tisa ya kuinamia madimbwi ya watu. Mama yake kule Upareni alizoea kuwaambia majirani, nusu kwa fahari na nusu kwa kulalamika, kwamba watoto wa wenzake wamesoma vitabu, wa kwake kasoma matope.

Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba watu wa Kanyagoni hawatazamani usoni. Wanatazamana miguuni. Ukikutana na mtu unainamisha kichwa, unaviangalia vidole vya miguu yake, unamuuliza, "Umekanyaga salama?" naye anakujibu, "Nimekanyaga." Nakijwa hakupata taabu na desturi hiyo, kwa sababu kuangalia chini ndiyo kazi iliyokuwa ikimlisha.

Mpakani maofisa walikikunjua chandarua, wakakivuta huku na huku, wakamuuliza ni kitu gani. Akawaeleza kwamba mtu hulala ndani yake asiumwe na mbu. Wakajadiliana muda wa kuivisha maharage, kisha wakaandika "vazi la heshima la kulalia" na kukipeleka Idara ya Nyayo kingoje kuzinduliwa. Maana Kanyagoni kitu hakitumiki kabla hakijazinduliwa, mwenye kuzindua ni Mkuu peke yake, na foleni ya Mkuu ilikuwa ndefu. Lilikuwapo daraja lililongoja tangu enzi za babu yake, na watu walikuwa wakivuka mto kwa kuogelea chini yake. Kata hawakuigusa, kwa kuwa waliidhani ya mchuzi.

Sasa habari ya nyayo, kwani bila hiyo nchi yenyewe haieleweki. Mkuu anapotembelea kitongoji, watu humwandalia udongo wa mfinyanzi ulioloweshwa na kukandwa vizuri, wakautandaza mbele ya nyumba iliyobahatika. Mkuu hushuka kwenye kiti anachobebewa, hukanyaga mara moja kwa mguu wa kulia, huinuliwa, huondoka. Hotuba haipo, na hapo tukiri kwamba wametuzidi. Kinachobaki ni unyayo wake, unaozungushiwa mawe meupe na kukaa pale daima. Mkuu aliyezama sana ndiye Mkuu mzito, na mzito ndiye anayekumbukwa. Kwa hiyo siku ya ziara wakuu hutia mawe mifukoni. Jambo hilo kila mtu analijua, ila hakuna aliyewahi kulisikia.

Sheria ya nyayo ni kali. Unyayo haufukiwi, maji yake hayachotwi, na nyumba iliyoupata haihami. Asiye Mkuu akiyavuka mawe meupe anafukuzwa nchini siku hiyohiyo. Lakini mvua ya masika haikusomeshwa sheria hizo. Ilinyesha kila mahali, na kila unyayo ukajaa maji maangavu yanayopigwa na jua. Mbu wa malaria hana haja na mtaro mchafu wala ziwa kubwa. Anachotaka ni hicho hasa, kidimbwi kidogo chenye jua. Hata alama ya kwato la ng'ombe ikijaa maji inamtosha kutagia. Wakuu wa Kanyagoni walikuwa wamemjengea nyumba nchi nzima na kumwekea ua.

Basi nchi ilikuwa ikitetemeka. Neno homa halikuwapo kabisa. Walisema mtetemo, na waliamini kwamba mtetemo ni uzito wa Mkuu unaomwingia mtu aliye karibu naye. Aliyetetemeka kidogo alikuwa na heshima ndogo. Aliyetetemeka hadi meno yakagongana alikuwa na heshima kubwa. Na aliyetetemeka mpaka akatulia moja kwa moja, huyo aliandikiwa Heshima Kamili, na jamaa zake wakaletewa pongezi.

Mgeni huko hachagui pa kukaa, hupangiwa. Nakijwa alipangiwa nyumba ya Mzee Nukta, Karani wa Mitetemo, mgane mwembamba mwenye wino kwenye kucha. Nyumba yake ilikuwa hatua saba kutoka unyayo wa Mkuu Mzito, uliozama kuliko nyayo zote za nchi, na ambao mwenyewe alikuwa amekufa miaka arobaini iliyopita. Mzee aliishi na binti yake Amali, ambaye mumewe alikuwa safarini akikanda udongo wa ziara nyingine. Amali alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kabla ya hiyo ziliharibika zikiwa kubwa, zote kwa mtetemo, zote masika, na kila mara Idara ilileta kanga ya pongezi iliyoandikwa ASANTE KWA KUTETEMEKA. Amali alizikunja akazitia chini ya kitanda, hakuzivaa hata siku moja.

Wakiwa wanachambua mchele siku ya pili, Amali alimweleza mgeni habari hiyo bila kulia. Kanyagoni mtoto akizaliwa, mkunga humwonyesha mama miguu kwanza. Akiwa hai ndipo humgeuza.

"Dada," akasema, "wale wawili niliwaona nyayo tu. Huyu nataka nimwone uso."

Nakijwa aliendelea kuokota mawe kwenye ungo, lakini hakuyaona tena. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amemsikia Amali akitetemeka chumba cha pili, na asubuhi hiyohiyo akampa dawa. Mtetemo ukatulia. Lakini dawa humponya aliyeumwa na mbu wa jana, na mbu wa kesho alikuwa tayari majini, hatua saba kutoka mlangoni. Pakiti zikabaki mbili.

Akaomba kibali cha kuchunguza unyayo ule. Kuchota alikatazwa. Alichopewa, kwa karatasi yenye muhuri, ni ruhusa ya "kuheshimu kwa karibu". Basi akalala kifudifudi nje ya mawe meupe asubuhi nzima, shingo ameinyoosha, pua karibu iguse maji. Watu waliacha kazi zao wakaja kumtazama. Walisema hawajapata kuona mgeni mcha nyayo kiasi hicho, na watatu wakalala kando yake ili wasipitwe na thawabu. Yeye alikuwa akihesabu viluwiluwi. Walikuwa mamia, wamelala bapa juu ya maji kama vipande vya uzi, na kulala bapa ndiyo alama ya wale wanaoleta malaria, kwa sababu wenzao huning'inia kichwa chini.

Mchana mvua ilinyesha, unyayo ukafurika, maji yakapita juu ya mawe na kutoka nje. Nakijwa akamuuliza Mzee Nukta maji yaliyotoka kwa hiari yake ni mali ya nani. Mzee alikuwa amenakili sheria za nchi mara kumi na moja kwa mkono wake mwenyewe. Akafumba macho, akazipitia zote kichwani, akasema hayana mwenyewe. Nakijwa akakinga kata. Alichokipata alikitia katika bilauri, akaifunika kwa kipande cha shela, na siku ya tisa ndani ya bilauri mlikuwa na mbu wazima wenye mabawa.

Akampelekea bilauri hiyo Mheshimiwa Kisigino, Mlezi wa Nyayo. Alimkuta ni mtu mnene na mpole, amejifunga blanketi mchana, anatetemeka kwa fahari na anapokea pongezi za wasaidizi wake. Nakijwa alimweleza taratibu, kama anavyowaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza: maji haya, viluwiluwi hawa, mbu huyu, damu, kisha mtetemo. Kisigino aliinua bilauri kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda mrefu, machozi yakamlengalenga.

"Kumbe utukufu unaota mabawa," akasema. "Na sisi miaka yote tulidhani unakuja kwa miguu."

Akaagiza bilauri iwekwe karibu na chandarua, nayo ingoje kuzinduliwa. Nakijwa alirudi nyumbani kichwa kinamuuma. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, na alihisi kwamba ya Firauni yako njiani.

Jioni Mzee Nukta alimkuta amekaa kizingitini, kata mapajani. Mzee hakuwa mtu wa kufariji kwa maneno. Alimuuliza tu kama angependa kuiona kazi yake, akaingia ndani, akatoka na madaftari, moja la kila mwaka, thelathini na moja kwa jumla. Sheria ilitaka kila mtetemo uhesabiwe kwa Mkuu anayestahili, kwa hiyo kwa miaka thelathini na moja karani huyu alikuwa akizunguka nyumba hadi nyumba akiandika jina la mtu, umri wake, siku aliyoanza kutetemeka, siku aliyotulia, na idadi ya hatua kutoka kitandani pake mpaka kwenye unyayo ulio karibu. Hatua alizipima kwa miguu yake mwenyewe. Penye shaka alirudi akapima tena.

Nakijwa akafungua daftari la kwanza, kisha la pili, kisha hakuweza kuacha. Kwao alikuwa ameomba takwimu za namna hiyo kwa barua, kwa semina, na mara moja nusura kwa kupiga magoti. Hapa zilikuwa zimekaa kabatini, safi, mwaka baada ya mwaka. Ndani ya hatua kumi alitetemeka karibu kila mtu, na zaidi wajawazito na watoto wachanga. Kwenye hatua mia walikuwa nusu. Kwenye hatua mia tano walikuwa wachache. Kupita hatua elfu mbili kurasa zilikuwa karibu tupu, na pembeni mzee alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: "Watu wa huku hawana heshima, lakini wanazeeka sana."

Alishukuru mpaka machozi yakamtoka. Alimshika mzee mkono wenye wino, akamwambia amefanya kazi ya watu mia. Mzee akajibu kwamba ameandika tu, na kwamba kama kuna kosa la tarakimu amwambie alirekebishe.

Ili Baraza la wazee lizione hesabu hizo, walihitaji kitambaa kikubwa cha kuchorea ramani. Amali aliinama chini ya kitanda akatoa zile kanga mbili za pongezi, akaziunga kwa sindano na uzi. Kwa siku tatu baba alisoma, mgeni alielekeza, na binti alitia nukta za mkaa upande wa nyuma, kila nyumba mahali pake, kila mtetemo nukta moja. Ilipofika zamu ya nyumba yao wenyewe, Amali alitia polepole nukta mbili za mimba zake zilizoharibika, akaangalia jinsi zilivyosongamana na nukta za majirani kuuzunguka unyayo. Mwenye macho haambiwi tazama. Akamuuliza baba yake kama na yeye anaona, na mzee akatoka nje akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Kanyagoni shauri la unyayo husikilizwa kando ya unyayo wenyewe. Baraza likaketi mbele ya nyumba ya Mzee Nukta, wazee wamenyoosha miguu kama adabu inavyotaka, Mheshimiwa Kisigino katikati na blanketi lake. Nakijwa akatandaza kanga. Akaeleza kila nukta. Akamaliza kwa kuomba jambo moja tu, unyayo ule ufukiwe kabla mimba ya Amali haijapata mtetemo mwingine.

Kisigino alisimama, na kwa mshangao wa Nakijwa akakubaliana naye nukta kwa nukta. Alisema hajawahi kuona ushahidi safi namna hiyo. Kadiri mtu anavyokaa karibu na unyayo ndivyo anavyotetemeka. Hivyo ndivyo mababu walivyosema siku zote, ila wao hawakuwa na mkaa. Baraza likampongeza mgeni kwa kuthibitisha imani ya nchi. Likaazimia pia kwamba, kwa kuwa nyumba ya Mzee Nukta imeongoza kwa heshima miaka thelathini na moja mfululizo, itunukiwe unyayo wa pili, mlangoni kabisa, kabla masika hayajaisha. Wakapiga miguu chini kwa shangwe, maana huko hawapigi makofi.

Nakijwa aliitazama ile kanga. Hesabu zilikuwa zake, na zilikuwa sahihi, na zilikuwa zimemletea Amali unyayo mwingine mlangoni. Alimwangalia Amali, ambaye alikuwa ameweka mikono miwili juu ya tumbo kama anayeziba masikio ya mtoto.

Hapo Mzee Nukta akasimama. Katika miaka yake yote ya ukarani hakuwahi kusema barazani. Kazi yake ilikuwa kuandika wanayosema wengine. Mkononi alikuwa na daftari la mwaka wa kumi na tisa. Akalifungua bila kutafuta ukurasa.

"Nyumba ya hatua saba," akasoma. "Tunu, mke wa karani. Mtetemo wa siku sita. Heshima Kamili." Akafunga daftari. "Niliandika kwa wino ulio mzuri. Nikaletewa kanga, nikashukuru. Sasa naliuliza Baraza. Kule kwenye hatua elfu mbili, wale wenzangu wasio na heshima wanakula chakula cha jioni na wake zao. Mimi nakula peke yangu. Kati yetu aliyebarikiwa ni yupi?"

Kisigino akasema, kwa upole wa kweli, kwamba anamwonea huruma, lakini sheria ni sheria na unyayo haufukiwi. Mzee akasema anaijua sheria hiyo. Anajua pia kwamba ina mstari wa mwisho, usiojulikana na wengi kwa sababu asiyenakili hafiki huko. Akausema kwa kichwa: unyayo hufutwa na unyayo uliozama kuliko huo, aliyezama ndiye mwenye unyayo, na neno lake juu ya unyayo wake ndilo neno.

Wazee walicheka, si kwa ubaya. Nani atazama kuliko Mkuu Mzito? Mmoja aliyekuwa kijana siku ya ziara ile alinong'ona kwamba mifuko ya Mkuu ilikuwa na mawe tisa, tena ya kusagia.

Kicheko hakijaisha, Amali alikuwa ameshavua kandambili. Akapandisha kanga hadi magotini, akayavuka mawe meupe, akautia mguu wake wa kulia majini. Nakijwa aliinuka, kwa sababu Amali akishindwa angefukuzwa nchini siku hiyohiyo na mimba yake. Lakini udongo wa unyayo ule ulikuwa umelowa masika arobaini, ukawa laini kama uji. Mguu ukashuka. Ukapita alama ya Mkuu, ukapita kifundo, ukasimama katikati ya muundi, na Amali akaegemeza mkono kiunoni akasubiri.

Kisigino akaagiza ufito wa kupimia. Alipima mwenyewe, akapima mara ya pili. Lazima tumpe haki yake: mtu huyu alikuwa mjinga wa mambo mengi, lakini kipimo hakukidanganya.

"Umezidi," akasema. "Kwa kiganja kizima."

Mzee mmoja akapinga kwamba si haki, kwa kuwa mwanamke yule ni watu wawili. Karani akajibu kwamba sheria imetaja mguu, na mguu ni mmoja. Mwingine akapinga kwamba udongo umelainishwa na maji. Kisigino akamgeukia, akamuuliza kama anamaanisha kwamba maji yameuharibu unyayo wa Mkuu Mzito huku Idara ikitazama tu. Yule mzee akasema hakumaanisha hivyo, akarudi kuketi.

Basi Kisigino akamwangalia Amali miguuni, kama desturi ilivyo, akamuuliza neno lake ni lipi juu ya unyayo wake.

"Ufukieni leo," Amali akasema. "Mimi sitaki nikumbukwe kwa shimo."

Wakaufukia, na ule wa pili ulioazimiwa haukutajwa tena. Wanawake wa mtaa walileta udongo kwa ungo na kwa karai, na Nakijwa akaleta kwa kata yake, udongo kidogo sana, lakini hakutaka kukosekana. Habari zikaenea, na masika hayo yakawa ya ajabu. Wajawazito wa Kanyagoni walibebwa vitini kitongoji hadi kitongoji kama wakuu, wakikanyaga na kutoa neno lao, na kila mara neno lilikuwa lilelile. Karani alizunguka nyuma yao na daftari.

Siku ya nne baada ya Baraza, Mheshimiwa Kisigino alikuja mwenyewe kwa miguu, bila wasaidizi, amebeba chandarua begani na bilauri mkononi. Alisema chandarua amekizindua njiani, alipokuwa peke yake, na haoni kwamba kimepungukiwa na kitu. Kisha akauliza, akiangalia pembeni, kama ile dawa ya mtetemo inaweza kumfaa mtu wa umri wake, kwani fahari imeanza kumuuma viungo. Nakijwa alimpa pakiti moja kati ya mbili zilizobaki, akamwelekeza jinsi ya kuimeza. Kisigino akashukuru kama mtoto. Tangu siku hiyo chandarua kikatundikwa juu ya kitanda cha Amali.

Mtoto alizaliwa mvua zikiwa zimekatika, asubuhi, na alilia kabla hajaguswa. Mkunga, kwa mazoea ya miaka mingi, akamwinua na kumwelekezea mama miguu. Amali akanyoosha mikono, akamgeuza mtoto mwenyewe. Akamtazama paji la uso, akamtazama pua, akamtazama macho yaliyofumbwa kwa hasira ya kuzaliwa, na kwa muda mrefu hakutaka kumpa mtu mwingine amshike. Nakijwa alisimama mlangoni akilia wazi bila kujificha. Katika miaka kumi na tisa alikuwa amehesabu mbu wasiohesabika, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona kwa macho mmoja wa wale ambao hawakuumwa.

Siku ya kuaga, Mzee Nukta alimpa nakala ya madaftari yote, ameiandika upya. Daftari la mwaka mpya alimwonyesha pia. Juu ya safu ya kwanza, palipokuwa pakiandikwa Mtetemo, alikuwa ameandika neno alilofundishwa na mgeni: Homa.

"Miaka thelathini na moja, mwanangu," akasema. "Ningeelewa mapema, Tunu angekuwapo."

"Hukuelewa, mzee wangu," Nakijwa akamjibu, "lakini hukudanganya. Ungedanganya hata mwaka mmoja, mimi nisingekuwa na cha kuchora, na Amali asingekuwa na cha kutazama."

Mzee akafikiri. Kisha, kinyume cha desturi zote za nchi yake, akainua macho akamtazama usoni. Akasema basi anashukuru kwamba alikuwa mjinga mwaminifu, na Nakijwa akasema yeye ndiye mwenye deni la shukrani, na wakabishana hivyo mpaka njiani.

Alirudi kwao akakuta mvua za huku nazo zimenyesha. Wakati hayupo, mradi wake wa kupambana na mbu ulikuwa umezinduliwa kwa mara ya tatu. Magari makubwa yalikuja mpaka mbele ya zahanati, hotuba zikatolewa kuhusu kutokomeza malaria, picha zikapigwa, magari yakageuza yakaondoka. Yaliyobaki ni mifereji miwili ya matairi kwenye udongo, imejaa maji maangavu, jua likiipiga. Kando yake kulikuwa na mawe yaliyopakwa chokaa, na mbele yake benchi ambapo kina mama wenye mimba hukaa wakingoja kuitwa.

Nakijwa alichuchumaa akachota kata moja. Viluwiluwi kumi na wanne, wamelala bapa. Kikulacho ki nguoni mwako. Alicheka peke yake mpaka mama mmoja kwenye benchi akacheka naye bila kujua sababu. Kisha akatoa daftari, kwa sababu Mzee Nukta alikuwa amemfundisha kuandika kabla ya kufukia. Akaandika tarehe. Akapima umbali wa kutoka majini mpaka kwenye benchi kwa miguu yake mwenyewe, akarudi akapima tena. Zilikuwa hatua saba.

Akamwomba mlinzi jembe. Mlinzi alikuwa mtu mzima mwenye adabu, akasita, akaeleza kwamba waheshimiwa wameagiza mahali pale pasiguswe mpaka watakaporudi kupiga picha za kabla na baada. Nakijwa akamuuliza alama zile ni za nani.

"Ni zenu, daktari," mlinzi akasema. "Gari la mradi wenu."

"Basi neno langu ndilo neno," akasema Nakijwa, akavua viatu, akalishika jembe.